Kutoka Murungu Hadi Dar es Salaam na Kamera ya Miguu Mitatu



Safari niliyokusudia kuwahadithia ilianza kwa ombi la mama yangu. Sisi ni watu wa Murungu, wilaya ya Kibondo, huko juu kwenye vilima vya mkoa wa Kigoma, ambako asubuhi ya mwezi wa Juni mtu hutoka nje na blanketi begani, na moshi wa jikoni hukawia juu ya mapaa kabla ya kutawanyika. Mama hajapata kufika Dar es Salaam, wala sasa magoti yake hayamruhusu tena safari ya mchana na usiku ndani ya basi. Aliposikia kwamba nakwenda huko kwa shughuli zangu, hakuniagiza kanga wala udi. Alisema, "Niletee picha ya mji. Lakini iwe ile ambayo nitaona watu wanavyoishi, si majumba matupu." Neno hilo la mwisho ndilo lililonifunga, nanyi mtaona mbele jinsi nilivyolitimiza na jinsi nilivyolivunja.

Kwa ajili hiyo nilichukua kamera yangu pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, ambayo mafundi wa picha huiita tripodi. Siku hizi karibu kila kijana ana simu yenye kamera, na wengi hudhani kwamba stendi ni chombo cha studio au cha wapiga picha za harusi tu. Sivyo. Picha hufanywa na nuru, na nuru ya jioni ni chache, basi kamera hulazimika kuliacha jicho lake wazi muda mrefu ili ipate kushiba. Mchana wa jua kali hutosha sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Baada ya jua kuchwa, katika mtaa wenye taa, huenda zikatakiwa sekunde 4, au 10, au 20, wala hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kutulia muda huo. Ukishika kwa mkono, taa zote zitatoka kama zimechorwa na mtoto anayejifunza herufi.

Na kwa nini miguu mitatu, si minne? Mama zetu walijua jibu tangu zamani, ndiyo maana mafiga ni matatu. Meza ya miguu minne huyumba kila ikutanapo na sakafu isiyo sawa, na watu wakatafuta kipande cha karatasi cha kutia chini ya mguu mmoja. Lakini vitu vitatu hugusa ardhi vyote daima, hata penye mawe na mashimo. Mitaa ya Dar es Salaam ina mashimo ya kutosha kuijaribu hekima hiyo.

Elimu hii ya nuru si ngeni kwa Waislamu. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, ndiye aliyechunguza kwa majaribio jinsi nuru iendavyo kwa mstari ulionyoka na kuingia katika chumba cha giza kwa kupitia tundu dogo. Na kamera, kwa asili yake, ni chumba cha giza chenye tundu. Tena mtu wa kwanza ajulikanaye kuipiga picha Madina, mwaka 1861, ni afisa wa jeshi la Misri, mhandisi Muhammad Sadiq, ambaye yapata mwaka 1880 aliipiga picha na Makka pia. Kamera za zama hizo zilikuwa nzito, na vioo vya picha vilitakiwa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa kabla havijakauka. Bila ya kuisimamisha kamera juu ya kitu imara kazi hiyo isingewezekana. Ama hukumu ya picha za viumbe, wanavyuoni wamekhitalifiana, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Kila mmoja na amwendee mwanachuoni wake.

Stendi ya kwanza maishani mwangu niliibeba, si kwa kamera yangu, bali kwa kamera ya wengine. Mwaka 2015, yalipotokea machafuko Burundi kuanzia mwezi wa Aprili, watu walivuka mpaka kwa maelfu kuingia mkoani kwetu. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ikajaa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, katika wilaya yetu ya Kibondo, ikafunguliwa upya. Wapiga picha wawili wageni walikuwa wakitafuta kijana wa kuwabebea mizigo na kuwafasiria maneno, kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi husikilizana kama ndugu. Nikachukua kazi hiyo.

Palikuwa na mama mmoja ameketi chini kando ya furushi lake, na mtoto amelala mapajani. Stendi ikasimamishwa mbele yake, ikakaa kitambo, kisha ikaanza kukunjwa. Mama yule akaniuliza mimi, si wao, "Picha yangu inakwenda wapi?" Nikafasiri. Bwana mmoja akajibu kwa upole kwamba itakwenda duniani kote, watu wapate kuona na kusaidia. Nikamrudishia jibu hilo. Akauliza tena, "Na mimi nitaiona?" Swali hilo sikulifasiri. Gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, na mimi nilikuwa naharakia ujira wangu. Nikamwambia, "Insha Allah," nikapanda.

Basi, turudi safarini. Kutoka Kibondo basi lilipita Kakonko na Nyakanazi, kisha Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, likatushusha katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Sitawachosha kwa habari za njiani. Dar es Salaam, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ni mkoa wa watu 5,383,728, na siku ya kwanza nilidhani wote wamekuja Kariakoo kunisukuma. Jina la Kariakoo, kama wengi wajuavyo, latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita Kuu ya kwanza, kilichoitwa Carrier Corps. Basi ni haki kwamba hata leo kila mpita njia pale ana mzigo. Nilisimamisha stendi yangu pembeni mwa njia, nikidhani ni pembeni. Kabla sijafungua lenzi, kijana mwenye maroba mawili kichwani akajikwaa katika mguu mmojawapo. Hakuanguka, alhamdulillahi, lakini maneno aliyoniambia hayafai kuandikwa katika gazeti hili, na nilistahili nusu yake.

Nilikumbuka mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Mimi nilikuwa nimeuleta udhia kutoka Kibondo kwa nauli yangu mwenyewe. Tangu saa hiyo nilifuata kanuni ya kuiegemeza stendi kwenye ukuta au nguzo, nikiikunja miguu iwe myembamba, na kama hapana ukuta wala nguzo, sikupiga picha. Nanyi vijana mtakaoijaribu kazi hii, yashikeni na haya: fungueni kwanza vipande vinene vya miguu, ndivyo imara, shina la katikati lisiinuliwe ila kwa dharura, maana huyumba kwa upepo, mkoba ukining'inizwa chini yake huipa stendi uzito, penye mteremko, miguu miwili ikae upande wa chini. Kamera nayo itegwe ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, ili kidole kisiitikise, na kama lenzi ina chombo cha kutuliza mtikisiko, kizimwe. Mkipiga pwani, miguu ioshwe kwa maji ya baridi yasiyo ya chumvi usiku huo huo, la sivyo baada ya mwezi haitafunguka.

Upande wa Magogoni, karibu na kivuko, mlinzi mmoja alinizuia kwa adabu njema. Sheria ya nchi yetu inakataza kupiga picha majengo ya jeshi na mahali pengine palipolindwa, na Ikulu iko karibu pale. Mtu wa simu anaweza kupita hapo asijulikane alifanya nini; mtu wa stendi ametangaza nia yake kwa umbali wa hatua mia. Mwanzo niliona hiyo ni hasara.

Siku ya tatu nilikwenda Buguruni, kwa sababu mama alitaka kuona watu wanavyoishi, na watu hawaishi Mtaa wa Samora. Jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa upande katika uchochoro, likigusa kuta na vizingiti, na vumbi limesimama hewani kama dhahabu iliyopepetwa. Bibi mmoja alikuwa ameketi mlangoni pake akichambua mchele kwenye ungo. Kanga yake ilikuwa imeangukia mabegani na kichwa ki wazi, kwa kuwa alikuwa kwake. Nilikuwa mbali kidogo. Nikaisimamisha miguu mitatu, nikapima, nikabonyeza. Naapa sijapata kupiga picha iliyokaa vizuri kama ile.

Mara mtoto akapiga kelele, "Wamekuja kupima!" Watu wakatoka majumbani. Nilichelewa kufahamu, mpaka nilipoona wote hawanitazami mimi bali wanaitazama stendi. Wapima ardhi nao hutumia miguu mitatu kama hii, na katika mji ule mtu akija na chombo hicho, baada ya siku chache huenda ukutani pakatokea alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kwa ajili ya upanuzi wa barabara, na khofu ya jambo kama hilo haitoki upesi katika nyoyo za watu.

Bibi yule akainuka na ungo wake, akanijia. "Mjukuu wangu," akasema, "mnabomoa lini?"

"Shikamoo bibi. Sikuja kubomoa. Hii ni kamera tu."

"Marahaba. Kamera ya nini?"

Nikamweleza habari ya mama yangu wa Murungu. Uso wake ukalainika, na majirani wakaanza kutawanyika. Kisha akaomba aione picha. Nikamwonyesha katika kioo cha kamera. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Kichwa wazi hivi?"

Nikanyamaza. Akasema, "Ungepiga hodi, ningejifunika. Ifute."

Wasomaji, nakiri kwamba kidole changu kilisita. Nilianza kutunga moyoni hoja za kumwambia: kwamba picha haitoki nje ya nyumba yetu, kwamba atakayeiona ni mwanamke mwenziwe. Lakini katika Suratun-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na lenzi yangu ilikuwa imekwisha ingia mpaka ndani ya faragha ya bibi yule hali miguu yangu imebaki uchochoroni. Ikafutwa mbele ya macho yake. Akarudi mlangoni, akaketi, safari hii akauelekezea uchochoro mgongo wake. Sikuwa na uso wa kumwomba picha ya pili.

Nilipokuwa nikirudi kwa daladala, miguu ya stendi imelala mapajani, nilifikiri kwamba lau ningempiga kwa simu nikipita, asingejua kamwe. Ningempelekea mama yangu picha nzuri ya mama wa mwenzangu asiyejisitiri, na huenda wadogo zangu wangeitia katika mtandao ikasambaa kusikojulikana. Kilichoninyima picha ile ni stendi, kwa kuwa haikubali kufichwa. Toka jioni ile sikuiona tena kuwa ni hasara. Mtu anayesimama dakika kumi mahali pamoja na chombo kirefu namna ile huulizwa, na akiulizwa hana budi kujibu. Basi heri aanze yeye kwa salamu kabla hajaulizwa.

Usiku nilikwenda penye Sanamu ya Askari, ambayo wazee wa mji huiita Bismini, jina la sanamu ya Mjerumani Wissmann iliyokuwapo mahali hapo zamani za Wadachi. Askari huyu wa shaba, mwenye bunduki na singe, amesimama hapo tangu mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu. Niliiacha kamera wazi sekunde 20. Magari yalipita wengi, lakini katika picha hapana gari hata moja, ila nyuzi za taa nyekundu na nyeupe. Na watu waliovuka njia wametoweka kabisa, kana kwamba mji umehamwa. Jambo hili ni kongwe kama picha zenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya njia kubwa ya Paris iliyojaa magari ya farasi, na kwa kuwa kamera yake ilihitaji dakika kadhaa, wote waliokuwa wakienda wamepotea. Amebaki mtu mmoja tu aliyesimama kupigishwa viatu rangi, pamoja na kivuli cha mpiga rangi wake.

Hapo nikaona shida yangu. Mama anataka watu, na chombo changu kinafuta kila mtu asiyetulia.

Kulikuwa na shida nyingine kwa Muislamu, nayo ni kwamba nuru bora ya kuupiga picha mji ni ile ya baada ya jua kuchwa, mbingu zikiwa bado na rangi ya samawati na taa zimekwisha washwa. Kwetu karibu na mstari wa ikweta nuru hiyo haidumu. Ni dakika ishirini na kitu, na giza limeshuka. Na huo ndio wakati wa swala ya magharibi. Nimewahi kuona vijana wawili, tena watu wa dini, wakiichelewesha swala kwa ajili ya mawingu mekundu. Lakini aliyeitazama mbingu kwa makini atajua kwamba hakuna ugomvi. Jua likichwa tu, mbingu bado ni nyeupe mno na taa hazijaonekana nguvu zake. Rangi ya samawati hukolea yapata dakika kumi na tano baadaye, na rakaa tatu katika jamaa hazimalizi dakika hizo. Mwenye kuswali kwanza akirudi huikuta nuru inamngoja.

Hivyo jioni ya mwisho nilikwenda Kitumbini, kwenye msikiti wa Ijumaa, mapema kabla ya adhana. Mzee mmoja muuza kahawa alikuwa na dele lake juu ya makaa, vikombe katika beseni, na kashata chini ya kitambaa. Nikamwamkia, nikanywa vikombe viwili, nikamweleza shida yangu: kwamba nataka kuupiga picha mtaa huu na yeye akiwa ndani yake, na kwamba stendi naomba niisimamishe sasa kando ya ukuta wake, nikaswali, nikarudi. "Nani atailinda?" nikauliza. Akanitazama kama kwamba nimeuliza nani atailinda bahari. Alimwachia mjukuu wake dele pamoja na stendi, tukaingia msikitini sote wawili.

Tulipotoka mbingu ilikuwa imekolea sawasawa. Watu walikuwa wakimiminika kutoka mlangoni, wengine wakivaa viatu, wengine wakiita pikipiki. Nilimwomba mzee atulie kwa sekunde 8, naye akatulia kama mtu aliyezoea kungoja, mkono mmoja juu ya dele. Nikapiga mara tatu, nikamwonyesha. Alicheka kuona wateja wawili waliokuwa wakinywa kando yake wamekuwa kama moshi, kwa kuwa hawakuacha kuongea. Kisha akauliza, "Na mimi nitaipata?"

Nikamwambia, "Insha Allah." Nikasikia neno hilo likinitoka kwa sauti ile ile ya Nduta. Nikatoa kalamu, nikaandika namba yake ya simu ndani ya kifuniko cha mkoba wa kamera, mahali nisipoweza kufungua bila kuiona.

Picha zilisafishwa Kibondo mjini, nilizochagua kwa ajili ya mama, na ya Kitumbini kubwa kuliko zote. Aliichukua mpaka dirishani. Akaitazama minara, taa, mbingu, na mtaa mrefu uliolala mtupu. "Mbona mji mzima una mtu mmoja?" akauliza.

Nikamfahamisha habari ya sekunde 8, kwamba watu walikuwapo wengi sana ila walikuwa wakienda.

"Walikuwa wakienda wapi?"

"Majumbani kwao, mama. Ilikuwa magharibi."

Akarudia kumtazama muuza kahawa. Akataka kujua jina lake, kama ana watoto, na kama makaa huyanunua ghali. Kisha akasema, "Na yeye umempelekea yake?"

"Bado, mama."

"Basi kesho usiende shamba kabla hujaituma."

Nikaituma asubuhi yake kwa basi, ndani ya daftari gumu, na mzee akanipigia simu siku ya tatu kwamba imefika, ila pembe moja imekunjika.